Mbuzi wa Theluji Aliyevunjwa Pembe

Vijana, kile chombo kilichotundikwa ukutani katika gereji yetu hapa West Side ya Buffalo, ambacho kila mmoja wenu hukigusa kabla hata ya kunisalimu, hakikuzaliwa bila pembe. Nilikiunda na pembe zake mbili, kisha nikazivunja mwenyewe kwa kisigino cha buti, juu ya barafu, mchana kweupe, huku rafiki yangu Barinabe amelala kifudifudi mahali ambapo mguu wa mtu haukuweza kufika.

Mmeniomba niwafundishe kuunda vyombo vya namna hiyo. Nitawafundisha kwa mdomo, maana mikono yangu sasa inatetemeka na haishiki tena randa bila kuharibu ubao. Anayeandika ni mjukuu wangu Neema. Mimi sikusoma, sikuketi darasani hata asubuhi moja. Hata hivyo asitokee mtu wa kusema kwamba maneno yangu yamepangwa ovyo. Nimeyapanga kama ninavyopanga mbao: zilizo nzito zinakaa chini.

Chombo chenyewe ni ubao mwembamba uliolazwa juu ya mbao tatu za kutelezea, moja mbele na mbili nyuma. Kwa nyuma imefungwa mota ya umeme inayozungusha helisi, ambayo Watanzania huiita pangaboi. Helisi inasukuma hewa kwenda nyuma, na chombo kinakwenda mbele juu ya theluji. Mwenye chombo anasimama mbali na rimoti mkononi, anakiongoza kama mchungaji anayeongoza mnyama kwa mluzi. Hakina gurudumu. Hakuna mtu anayekisukuma.

Hilo la mwisho ndilo lililoniingiza katika kazi hii. Kwetu, katika milima iliyo juu ya Goma, mimi nilikuwa fundi wa chukudu, na kabla ya kuwa fundi nilikuwa msukumaji. Ninyi mliozaliwa huku mnaziona chukudu katika picha, mnacheka. Ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Unaipakia makaa na viazi hadi usiione tena, unaisukuma kupanda mlima, kisha unapiga goti juu yake na kuteremka nayo mkiwa nyote wawili mikononi mwa Mungu. Nimesukuma makaa, nimesukuma viazi, nimesukuma wagonjwa. Nilipofika Louisville, huku Amerika, nikapewa kazi katika ghala, nikasukuma maboksi. Mtu aliyesukuma hivyo maisha yake yote, akimwona mtu mwingine amesimama kilimani na mikono ndani ya koti, na kitu chake kinakwenda chenyewe, hawezi kulala vizuri tena.

Nilimwona huyo mtu katika bustani ya Iroquois, upande wa kusini wa mji, siku ambayo theluji ilikuwa imeanguka kidogo. Mzungu mzee, peke yake, na kidude chake kinanguruma kama nyuki ndani ya chupa. Sikujua Kiingereza cha kumwuliza lolote. Nilisimama tu. Alipochoka kunitazama nikimtazama, alinipa rimoti. Nilikiendesha hadi kikagonga mti. Hakukasirika. Alikigeuza juu chini, akanionyesha tumbo lake, na mimi nikatazama kwa macho ya fundi: mbao zimekaa wapi, mota imekaa wapi, uzito umekaa wapi. Uzito ndio sikuuelewa. Nilidhani amekosa mbao nzuri.

Basi nikaenda nyumbani kwetu mtaa wa Newburg na kuunda chombo changu cha kwanza kama mtu anayeunda chukudu. Nilichukua mbao za paleti zilizotupwa nyuma ya ghala, nikachagua zile ngumu kuliko zote. Nilizigonga kwa kifundo cha kidole ili nizisikie. Ubao mzima hujibu kwa sauti moja, ubao mgonjwa hunong'ona. Nikatoboa, nikapigilia vigingi vya mbao, nikaweka gundi juu ya vigingi. Mbele nikasimamisha pembe mbili zilizopinda, kama zile za chukudu anazoshika msukumaji. Majirani wa jengo letu walisimama juu yake, hakikulia hata kidogo.

Kisha tukaanza kungoja theluji. Vijana, Louisville si mji wa theluji. Ni mji wa kuahidiwa theluji. Tulingoja hadi nikaanza kukijaribu juu ya majani yenye umande, na hakikusogea. Hatimaye ilianguka. Watoto wote wa jengo walishuka, na mama zao, na Mama Furaha wa ghorofa ya chini, ambaye hakuwahi kuukosa mkutano wowote wa watu. Niliwasha. Helisi ikapiga kelele, theluji ya nyuma ikaruka ikawapaka watoto usoni. Chombo kikazama mahali kilipo, taratibu, kama ng'ombe anayelala.

"Bon, Papa Kasereka," alisema Mama Furaha, "iko naenda ama iko naomba?"

"Iko napata moto," nilijibu.

"Donc tulete chai tungoje!"

Jengo zima lilicheka. Nilikibeba mwenyewe kupanda ngazi, na nikagundua jambo ambalo nilipaswa kuligundua kabla ya kuwaita watu: kwamba kilikuwa kizito kama mtoto aliyekataa kwenda kanisani.

Hilo ni kosa ambalo fundi wa chukudu peke yake anaweza kulifanya. Chukudu inasifiwa kwa kile inachobeba. Chombo cha theluji kinasifiwa kwa kile ulichokiondoa. Ilinichukua miaka kuamini hivyo, na aliyenisumbua hadi nikaamini ni msichana.

Tulikuwa tumehamia Columbus, kwa sababu mwanangu Amani, baba yake Neema, alipata kazi ya kiwanda huko. Kanisani kulikuwa na Mkenya, Wanjiru, mwanafunzi wa uhandisi, aliyekuja ibada yetu kwa sababu ya nyimbo na kubaki kwa sababu ya chakula. Alikiona chombo changu kwenye buti ya gari.

"Mzee, hii ni nini? Ni kiti?"

Nilimweleza. Alikiinua upande mmoja, akakiachia.

"Mzee wangu, hii kitu ni heavy sana. Hata ndege iko na limit."

"Mbao nyepesi huvunjika."

"Sawa, lakini nani atakalia? Hakuna mtu anakalia hii kitu. Inabeba nini?"

Neema, andika hivyo hivyo, kama alivyoniuliza. Kilikuwa hakibebi kitu. Nilikuwa nimekiunda kwa ajili ya makaa yasiyokuwepo.

Kuanzia siku hiyo alikuja baada ya ibada, tukakaa sakafuni katika chumba cha chini cha kanisa. Yeye alinifundisha umeme, mimi nikamfundisha mbao. Nitawapa niliyoyapata, na mtu asinikatize.

Helisi ichongwe kwa mti laini wenye nyuzi zilizonyooka, na usiichonge ukiwa na hasira. Ukiimaliza, ipitishe sindano katikati na uilaze sindano juu ya vikombe viwili. Bawa lenye uzito litashuka. Lipige msasa kidogo, ulaze tena. Litashuka tena. Utataka kuichoma moto. Usiichome. Siku bawa lolote utakaloliacha litatulia pale pale ulipoliacha, basi helisi yako imepona, na mota haitatetemeka na kulegeza kila kitu ulichokifunga.

Betri huogopa baridi kuliko mama mkwe. Usiiache ndani ya gari. Mimi huilaza kwapani, ndani ya mashati yote, na kuitoa wakati wa kuwasha tu. Chini ya mbao za kutelezea paka nta ya mshumaa, kisha sugua kwa kitambaa hadi uone uso wako. Na usikitume chombo juu ya ziwa bila kukifunga kamba, hata kama mwenzako anakwambia barafu ni nene.

La mkono ni hili. Helisi ikiwa inazunguka, mkono wako uko mfukoni. Amani alinyoosha kidole siku moja kunionyesha kitu, na ncha ya glavu yake ikaenda ukutani. Kidole kilibaki kwa sababu glavu ilikuwa kubwa. Nilikuwa nimemnunulia mimi, na alikuwa amenung'unika kwamba ni kubwa. Hanung'uniki tena.

Kwa Wanjiru chombo kilikonda. Kila aliposema "toa", nilitoa. Nilitoa mbao ngumu, nikaweka laini. Nilitoa vigingi, nikaweka uzi na gundi. Nilitoboa matundu katika ubao hadi ukawa kama samaki aliyebaki mifupa. Kitu kimoja tu sikukitoa.

"Na hizi horns, Mzee?"

"Hizo zinabaki."

"Zinafanya nini?"

"Hazifanyi kitu."

"Si basi tuzitoe? Zinashika upepo, halafu zinaangusha pua chini."

"Binti yangu, chukudu bila pembe ni ubao."

Alinitazama, akacheka, akaacha. Alikuwa na adabu ya kwao. Lakini sikumweleza yote, na ninyi ninawaeleza. Baba yangu ndiye aliyenifundisha kusimamisha pembe. Msukumaji anapoteremka mlima na mzigo, maisha yake yote yameshikwa na zile pembe mbili. Zikitoka, anakufa, na huenda akaua na wengine walio chini. Kwa hiyo baba alikuwa akisimamisha pembe, kisha ananing'inia juu yake kwa uzito wake wote, na kunilazimisha nami nining'inie. Alikuwa akisema: pembe isitoke kabla ya roho. Kila pembe niliyoisimamisha tangu hapo niliisimamisha kwa njia hiyo. Baba hana kaburi ninalolijua. Sikuwa tayari kuitoa njia yake kwenye chombo eti kwa sababu ya upepo wa Columbus.

Tukaja Buffalo. Hapa theluji haiahidiwi. Hapa unaamka, mlango haufunguki. Tukapanga ghorofa ya juu katika nyumba ya mbao, na ghorofa ya chini alikaa Barinabe, Mrundi, mzee kama mimi, mjane, mwenye Kiswahili safi na mdomo mchafu. Aliniona barabarani na chombo changu siku ya kwanza, akafungua dirisha pamoja na baridi yote ile.

"Mzee wa Kongo! Umemleta mbuzi Amerika?"

"Si mbuzi. Ni chombo."

"Ana pembe, anakula betri, analia. Ni mbuzi. Siku utakapomkata pembe nitamheshimu."

Hivyo kikaitwa Mbuzi. Watoto wa mtaa wakakiita hivyo, hata mchungaji akakiita hivyo katika tangazo. Barinabe alikuwa akinijia kila Jumapili kuuliza kama mbuzi amezaa. Nilikuwa nikimfukuza. Alikuwa akikaa. Mtu aliyefikia umri wetu akiwa ugenini hupata watu wachache wa kumfukuza.

Kazi yake ya kupoteza wakati ilikuwa kuvua samaki katika barafu. Kuna ghuba ndogo ya ziwa, na katika majira ya baridi watu huenda kule, hutoboa tundu, hukaa juu ya ndoo wakingoja. Barinabe alitoka pwani ya Ziwa Tanganyika na alidai kwamba anajua maziwa yote. Tulikwenda naye mwishoni mwa majira, Amani akiendesha, mimi na Mbuzi nyuma. Jua lilikuwa limeanza kuwa na nguvu. Wavuvi wengine walikuwa wamekaa karibu na ukingo. Barinabe aliwatazama, akasema samaki hawapendi watu wengi, akabeba ndoo yake kwenda mbele.

"Barinabe, rudi," nilimwambia.

"Mchunge mbuzi wako!"

Sikuisikia barafu ikivunjika. Niliona tu kwamba amekuwa mfupi. Alizama hadi kifuani, akapiga mikono, akafanikiwa kujivuta juu, kisha akalala pale, kifudifudi, na maji yakimzunguka pande zote. Amani alikimbia. Alipofika katikati, barafu ililia chini yake, akasimama. Mvuvi mmoja alimpigia kelele alale chini, na Amani akarudi kwa tumbo. Mwingine alikuwa tayari anawapigia simu zimamoto. Walitupa kamba. Haikufika. Walitupa tena. Upepo uliirudisha.

"Papa, kamba haifike," Amani alisema. "Iko mbali. Na huko hata mutoto hapite."

Nilikuwa nimekwisha kutoa betri kwapani.

Tulichukua kamba ya nailoni ya wavuvi, nyembamba lakini ngumu, wanayovutia vifaa vyao. Mwishoni nilifunga kitanzi kipana kwa fundo la kufungia mzigo wa chukudu, ambalo halijikazi zaidi ya ulivyolikaza. Kitanzi nikakilaza juu ya ubao wa mbele, na kamba nikaipitisha ubavuni hadi kwenye fimbo ndefu niliyoifunga nyuma kama mkia, ili helisi isiimeze. Nikawasha.

Mbuzi alikwenda vizuri hadi penye theluji ya maji, iliyoanza kuyeyuka. Pale pua ilishuka. Kamba ilikuwa inamvuta nyuma, pembe zinamwinamisha mbele, na upepo wa ziwa ukazikamata zile pembe ukamgeuza kuelekea maji wazi. Tulimrudisha kwa kumvuta kwa kamba, kama unavyomvuta mbuzi kweli.

Barinabe aliinua kichwa, akatuona tukikivuta chombo kinachomwacha. Kisha akakilaza kichwa tena. Hilo ndilo ninaloliona hadi leo, si kuzama kwake.

Nilishika pembe ya kwanza na kuizungusha. Haikutoka. Nilivuta kwa mikono miwili. Haikutoka. Hapo ndipo nilipojua jinsi nilivyo fundi mzuri. Niliing'ang'ania nikiwa nimepiga magoti, na mwanangu amesimama kando yangu.

"Papa, unafanya nini? Tutamupoteza ule muzee!"

"Shika ubao!"

Alishika. Nilisimama, nikaipiga pembe kwa kisigino. Nikapiga tena na tena. Ilipasuka mbao, si kiungo. Kiungo bado kipo, mkikitazama mtakiona. Ya pili ilipasuka upesi kidogo, au labda mimi nilikuwa nimekwisha kuzoea. Nikakilaza kitanzi pale pembe zilipokuwa.

Safari hiyo alikwenda kama karatasi. Alipita juu ya theluji ya maji bila kuigusa sana, upepo ukampiga na haukupata pa kumshika. Nilimpeleka mbele ya uso wa Barinabe, na nikaizima helisi kabla ya mkono wake kufika. Mkono wake ulikuja polepole sana. Tulipiga kelele sote, wavuvi kwa Kiingereza, Amani kwa Kiswahili, mimi sijui kwa lugha gani: kichwa, pitisha kichwa! Alipitisha kichwa, akapitisha bega. Tukavuta. Tulimvuta kwa tumbo, na barafu ikivunjika nyuma yake, na Mbuzi akiburutwa ubavuni mwake kama mtoto aliyekataa kuachwa.

Zimamoto walifika tulipokuwa tumekwisha kumvua koti. Walimfunga mablanketi, wakamweka kwenye machela. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya wino. Alinitafuta kwa macho, nikainama.

"Kasereka," alisema, "nani amemkata mbuzi pembe?"

"Mimi."

"Sasa ninamheshimu."

Alitibiwa, akapona, na Jumapili iliyofuata kurudi kwake alikuja juu kuuliza kama mbuzi ameota nyingine. Nilimfukuza.

Wengine wenu, na hata mchungaji, wamefanya jambo hili kuwa mahubiri. Wanasema mzee alishikilia ya zamani, kisha Mungu akamfundisha kuyaacha. Ninawakataza kuhubiri hivyo. Sikukosea kuziweka zile pembe, wala sikukosea kuzivunja. Kama ningekuwa nimeziondoa kule Columbus, nisingekipenda chombo kile kiasi cha kukibeba kila nilikokwenda, na siku ile kingekuwa nyumbani. Baba yangu hakunifundisha vibaya. Alinifundisha kwa ajili ya mlima, na mimi nikaja kwenye ziwa.

Nimechoka, na mengine mtayapata wenyewe kwa kuharibu mbao. Ila Neema, anayeandika huku akijua ninakokwenda, ameunda chombo chake mwenyewe majira haya. Nimekikagua. Helisi inatulia. Nta ni nyingi mno, nimemwambia aipunguze. Mbele amesimamisha pembe mbili, nzuri, zimepinda kama inavyotakiwa, na kila moja imeshikwa na kijiti kimoja tu cha mbao. Jana nilikivuta kijiti kwa kidole, kidole hiki kinachotetemeka, na pembe ikanijia mkononi bila ubishi.

Aliniuliza: "Babu, is it okay?"

Baba yangu angemchapa. Andika, Neema: viache vijiti hivyo hivyo.